Bi Mkubwa na majina ya kanga

Kwa karibu mwaka mzima nilifanya kazi katika duka moja na mama ambaye sikumpenda, naye hakunipenda, na kila mmoja wetu aliona ana haki. Leo, ukimwondoa mama yangu mzazi, yeye ndiye mtu wa kwanza ninayempigia simu nikipata jambo, liwe la heri au la shari. Watu wanaotufahamu huuliza mara kwa mara imekuwaje, na yeye mwenyewe ameniruhusu nieleze kwa sharti moja tu, kwamba nisitaje jina lake. Basi nitamwita kama tulivyokuwa tukimwita sote dukani: Bi Mkubwa.

Duka lilikuwa Kariakoo, Dar es Salaam, upande wa Mtaa wa Uhuru, ambako maduka ya kanga na vitenge yamebanana hata mgeni hajui moja linaishia wapi na jingine linaanzia wapi. Nilianza kazi Machi 2022, wakati jengo la soko kuu, lililoungua Julai 2021, halijarudishiwa wafanyabiashara wake, na barabara zilizolizunguka zilikuwa zimejaa meza za wachuuzi. Nilikuwa na miaka 24, nina stashahada ya uhasibu, na nilikuwa nimetoka Njombe miezi minne tu kabla ya hapo. Tajiri aliniajiri ili nishike mashine ya EFD, ile ya kutolea risiti za kodi, niingize mzigo kwenye vitabu na kila jioni nimkabidhi hesabu zilizokamilika. Bi Mkubwa alikuwa na miaka 61, mzaliwa wa Tanga aliyeolewa Dar es Salaam akiwa binti, Mwislamu wa swala tano, na alikuwa ameuza kanga katika duka hilo kwa miaka 19 kabla sijafika. Mimi ni Mlutheri, ni mtu wa maneno machache, na huko nyumbani kwetu kanga ilikuwa nguo ya kumbebea mtoto au ya kujifunga jikoni. Sikuwahi kudhani kwamba mtu angeweza kuijua kama fundi anavyoijua kazi yake.

Ugomvi wetu ulianzia kwenye risiti. Risiti ikishatoka kwenye mashine haifutiki kwa kalamu, na jioni lazima nitoe ripoti ya Z, yaani jumla ya mauzo ya siku nzima, ambayo inatakiwa ilingane na fedha zilizomo kwenye droo. Bi Mkubwa alikuwa na desturi ya kumpunguzia mteja bei baada ya risiti kutoka, kwa sababu mteja amekumbuka kwamba ana safari ndefu, au ametaja jina la mtu wanayefahamiana, au amechukua doti tano na Bi Mkubwa ameona ni vyema kumrudishia nauli. Punguzo hilo aliliandika kichwani tu. Jioni nilikuwa nikikuta upungufu wa shilingi elfu tatu, elfu saba, siku nyingine elfu kumi na tano, nami nilimweleza tajiri mbele ya wafanyakazi wenzetu kwamba kasoro inatoka upande wa Bi Mkubwa. Sasa naelewa nilikuwa nikifanya nini. Mtu wa umri wa bibi yangu nilimsimamisha kama mwanafunzi aliyekosea hesabu, na nilifanya hivyo kwa wiki kadhaa mfululizo.

Yeye naye alinilipa kwa namna yake. Hakuwa akipaza sauti. Alikuwa akiitikia shikamoo yangu kwa "marahaba" kavu isiyofuatwa na hujambo, na kwa mwanamke wa Tanga kuacha kukuuliza hali ni jambo zito kuliko tusi. Mbele ya wateja aliniita "kijana wa mashine". Asubuhi moja ya Februari 2023 mteja mmoja alinielekea mimi kuniuliza kanga ya kumpelekea wifi yake aliyejifungua, na kabla sijafungua mdomo Bi Mkubwa akasema, "Huyo usimuulize, mama. Nguo haijui, atakupa shuka ukajitandike." Duka zima lilicheka. Nilihisi uso wangu ukiwaka moto, nikainamia mashine, na nikaapa moyoni kwamba siku atakayoteleza sitamnyooshea mkono.

Siku hiyo ilifika kabla jua halijazama.

Kwa msomaji asiyefahamu mambo ya kanga inafaa nieleze kidogo. Kanga ina pindo, ambalo ni ule ukingo unaoizunguka pande zote nne. Ina mji, yaani uwanja wa katikati. Na ina jina, ambalo ni yale maneno yaliyochapwa sehemu ya chini ya mji. Huuzwa kwa doti, vipande viwili vilivyoshikana, na mnunuzi ndiye anayekwenda kuvikata na kuvipinda. Kwa jumla huhesabiwa kwa korija, doti 20. Kiwanda kinaweza kuchapa pindo lile lile na mji ule ule, kikabadili jina peke yake. Na kanga ikikunjwa vizuri ili ipangwe kwenye rafu, jina huingia ndani.

Alasiri hiyo alikuja mama mmoja aliyetaka doti 36 za sare kwa ajili ya arobaini ya kaka yake. Bi Mkubwa alimpokea kama alivyowapokea watu wa msiba siku zote: alimvutia kiti, akampa pole, akamuuliza marehemu aliumwa kwa muda gani, akamwacha aseme mpaka amalize. Kisha alinyoosha mkono kwenye rafu akashusha kanga ya bluu yenye pindo la mikorosho, akamwambia kwamba hii ndiyo ya arobaini, jina lake ni "Sisi sote abiria dereva ni Mungu". Mimi nilikuwa hatua tatu kutoka hapo. Siku mbili kabla nilikuwa nimefungua robota jipya na kuingiza majina kwenye vitabu, na nilijua kwamba ile mikorosho ya bluu iliyokuja safari hii iliandikwa "Hasidi hana sababu". Mzigo wa zamani wenye maneno ya abiria ulikuwa umekwisha. Nilisikia alivyosema, nikajua amekosea, nikanyamaza kwa makusudi. Nikachapa risiti ya doti 36.

Wanunuzi walirudi Jumamosi asubuhi, wanawake watatu, na arobaini yenyewe ilikuwa kesho yake. Yule mama alitandaza kanga moja juu ya kaunta, jina likiwa limeelekea kwetu, akasema kwa sauti iliyotetemeka, "Mnataka niwavishe mashemeji zangu maneno haya, na kesi ya nyumba ya marehemu iko mahakamani?" Tajiri alitoka ofisini. Aliichukua ile kanga, akamsogezea Bi Mkubwa usoni, akamwambia asome.

Hapo ndipo niliona kitu ambacho nilikuwa nimekaa nacho karibu mwaka mzima bila kukiona. Bi Mkubwa aliishika kanga kwa mikono miwili, akaigeuza kidogo kuelekea mlangoni kwenye mwanga, akaiinamisha, akaiinua tena. Kidole gumba chake cha kulia kilipita juu ya herufi polepole, moja baada ya nyingine, kama mtu anayetafuta mshono uliofumuka gizani. Midomo yake ilikuwa ikisogea lakini hapakuwa na neno lililotoka. Sote tulisubiri. Mwishowe aliikunja ile kanga, ukingo kwa ukingo kama kawaida yake, akaiweka chini, akasema, "Nimekosea, nisameheni." Hakusema kwamba haoni. Mwanamke aliyekuwa akiyajua majina ya mamia ya kanga alikuwa akiyajua kwa pindo na mji, kwa kuyasikia yakisomwa na wengine, na kwa kumbukumbu ya miaka aliyokuwa na macho mazima.

Tajiri, ili kulinda jina la duka, aliwabadilishia doti zote 36. Doti 24 zilikuwa bado nzima na zikarudi kwenye rafu. Doti 12 zilikuwa zimekwisha kukatwa na kupindwa, na hizo aliamuru zikatwe kwenye mshahara wa Bi Mkubwa.

Nimejiuliza mara nyingi kama ningesema kweli endapo nisingekiona kile kidole gumba. Sina hakika. Lakini nilikuwa nimekiona, na nilimwambia tajiri hapo hapo kwamba mimi nilijua. Nilisema kwamba mzigo niliufungua mimi, jina niliandika mimi kwa mkono wangu, nilimsikia Bi Mkubwa akilitaja isivyo nikakaa kimya, na kwa hiyo hasara ni yangu kama ilivyo yake. Tajiri aliniangalia kwa muda, akasema basi tugawane, doti sita kila mmoja, akarudi ofisini. Bi Mkubwa hakunishukuru wala hakunilaumu. Alienda kuswali adhuhuri. Aliporudi alinikuta nimekaa juu ya robota nyuma ya duka, akasimama mbele yangu, akaniuliza, "Hujambo, mwanangu?"

Nilijibu kwamba sijambo, kisha nikashindwa kuendelea.

Zile doti 12 ndizo zilizotufanya tuanze kuzungumza. Mimi zangu sita nilikuwa nimeziandika kama hasara, lakini yeye alishangaa kusikia hivyo. Alinifundisha kuziuza mali kauli, yaani kumkabidhi mtu nguo leo kwa ahadi ya kinywa na kupokea fedha kidogo kidogo. Aliniuliza majirani zangu wa Kimara ni wa namna gani, nani ana kazi ya kudumu, nani anauza maandazi, nani ana ugomvi na nani, na alipofika kwenye swali hilo la mwisho nikaelewa kwa nini anauliza. "Hasidi hana sababu" si jina la kumpa mtu kanga kama zawadi, alisema, lakini wapo wanaoitafuta, na anayeitafuta hapunguziwi bei. Tano niliziuza kwa wiki tatu. Ya sita nilimpelekea mama yangu Njombe, ambaye hana hasidi anayejulikana, naye aliipenda kwa rangi yake.

Tangu hapo tukawa na utaratibu ambao hakuna mwingine aliyeujua. Nilikuwa nikifika saa moja kasorobo asubuhi, kabla vijana wa kubeba mizigo hawajafungua milango ya mbele, na kila mzigo mpya nilimsomea. Nilikuwa nikisimama karibu naye na doti moja mkononi, namtajia pindo, mji, rangi, kisha jina. Aliipokea, akaipapasa, akarudia jina mara mbili, akaniambia niweke wapi. Vidole vyake viliweza mambo ambayo macho yangu hayakuyaweza. Alikuwa akilowesha ncha ya kanga kwa mate, anaisugua kati ya kidole gumba na cha shahada, anakwambia kama ni pamba tupu au imechanganywa, na kama wanga wake utatoka kwa kufuliwa mara moja nguo ikabaki nyepesi kama chandarua. Marehemu mume wake alikuwa ameajiriwa idara ya uchapaji katika kiwanda cha Urafiki, pale Ubungo, kile kilichoanza mwaka 1968 kwa msaada wa China, na kwa miaka mingi mazungumzo ya mezani nyumbani kwao yalikuwa ni rangi zilizokataa kushika na pindo zilizochapwa upande.

Na mimi, kwa kumsomea, nikaanza kusikia jinsi anavyouza. Hapo awali nilidhani salamu zake ndefu ni kupoteza muda, wakati watu wamepanga foleni. Sasa nilisikia kwamba ndani ya salamu alikuwa akiuliza kila alichohitaji kujua. Anayesema "nataka kanga tu" ana mtu anayempelekea, na mtu huyo ana jambo. Ni mkwe? Basi jina liwe la heshima na lisiwe na pembe. Ni mzazi? Letee ile ya "Nani kama mama". Ni bibi harusi? Huyo jina lisimsumbue, mpe kisutu, ile nyekundu na nyeusi juu ya weupe, ambayo pwani haijatoka kwenye harusi tangu enzi za mabibi. Akiwa ni jirani aliyeudhiwa, Bi Mkubwa alikuwa akimshauri arudi kesho, na mara nyingi mtu huyo alirudi na kuchukua kanga yenye maneno ya upole kuliko aliyoyaomba jana. Upande wangu niliacha kumshitaki. Tulikubaliana kwamba kabla sijachapa risiti atanigusa kiwiko ikiwa ana nia ya kupunguza, na ripoti ya Z ikaanza kulingana na droo.

Mei 2023 wafanyabiashara wa Kariakoo walifunga maduka kwa ajili ya malalamiko yao juu ya kodi, hadi Waziri Mkuu Kassim Majaliwa akaja kuzungumza nao katika viwanja vya Mnazi Mmoja. Siku ya kwanza tulifika kazini tukakuta mtaa mzima milango iko chini. Sijapata kuona Kariakoo kimya namna ile, hata unasikia kandambili za mtu anayepita upande wa pili. Bi Mkubwa alisema hakuna haja ya kukaa juani, akanichukua kwenye daladala mpaka kwake Temeke.

Nilikula wali wa nazi na samaki wa kupaka, kisha akawaagiza wajukuu zake walivute sanduku lililokuwa chini ya kitanda. Ndani yake zilikuwamo kanga zilizokunjwa kwa karafuu, nyingine hazijawahi kuvaliwa. Alinionyesha kisutu aliyoolewa nayo. Alinionyesha ile aliyopewa siku alipomzaa mtoto wa kwanza, na ile ambayo mawifi zake walimvalia wakitaka aisome, akaisoma, akaenda kununua ya kuwajibu. Chini kabisa ilikuwapo moja iliyofifia, laini kama pamba ya kitambaa cha leso, aliyorithi kwa bibi yake wa Tanga. Niliitandaza magotini nikatafuta jina ili nimsomee kama tulivyozoea, nikakuta limeandikwa kwa herufi za Kiarabu. Ni Kiswahili, lakini kwa zile herufi za zamani. Nilikaa na kanga ile mapajani, nami sikuweza hata herufi ya kwanza.

"Lete," alisema. Aliishika upande wa kulia, akaweka kile kidole gumba mahali maneno yanapoanzia, akakipeleka kushoto polepole, na safari hii sauti ilitoka: "Mgeni njoo, mwenyeji apone." Kisha akanirudishia, akaniwekea kidole changu mahali kilipokuwa chake, akanitajia herufi moja moja kama alivyotajiwa yeye chuoni akiwa mtoto. Mim. Ghain. Nun. Tulimaliza jina lote kabla ya alasiri.

Kuhusu macho yake nilichelewa mno kusema. Nilikuwa naogopa kwamba nikilitaja jambo hilo kwa sauti nitakuwa nimemvua nguo, na yeye alikuwa anaogopa kwamba tajiri akijua atamrudisha nyumbani. Ilikuwa ni mtoto wa jicho, macho yote mawili, na watu wazima wengi huishi nao wakiamini kuwa ni uzee na hauna dawa, ilhali ni ugonjwa unaoondolewa kwa upasuaji mfupi: ile lenzi iliyoingia ukungu hutolewa na kuwekwa nyingine ya bandia. Nilipata ujasiri mwanzoni mwa 2024. Alinisikiliza, akasema anaogopa kisu. Nikamwambia nitakaa mlangoni. Akasema atafikiri, na alifikiri kwa miezi mitano. Natamani ningekuwa nimemsukuma zaidi, kwa kuwa katika miezi hiyo alianguka mara mbili kwenye ngazi za stoo, na mara ya pili aliumia mkono.

Tulikwenda Juni. Binti yake alikuwa upande mmoja na mimi upande mwingine, na muuguzi alidhani sisi ni ndugu, hakuna aliyemsahihisha. Kesho yake, bendeji ilipotolewa kwenye jicho la kulia, alikaa kimya akitazama ukuta, akatazama mikono yake mwenyewe, juu na chini, kisha akamtazama binti yake kwa muda mrefu. Halafu akanigeukia mimi. Akaniangalia vizuri, akanyoosha kidole kwenye kidevu changu.

"Kumbe una kovu," alisema.

Nilianguka mtini nikiwa na miaka tisa. Tulikuwa tumesimama bega kwa bega kwa zaidi ya miaka miwili.

Aliacha kazi Januari 2025, kwa hiari yake, akiwa anasoma majina yote bila msaada wangu. Mimi bado niko dukani, ingawa sasa mashine anaishika kijana mwingine na mimi nimehamia mbele, mahali alipokuwa akisimama yeye. Robota likifunguliwa, hufungua simu nikamtumia sauti kwa WhatsApp: pindo, mji, rangi, jina. Ningeweza kumtumia picha, naye angeona, lakini hataki picha. Anasema soma. Wiki iliyopita nilimsomea kanga nane, na jibu lake lilikuja baada ya swala ya magharibi, televisheni ikisikika nyuma yake na mjukuu akilia. Alitaja saba kwa kifupi, hii ya harusi, hii ya kikoba, hii itakaa. Ya nane, ya zambarau yenye pindo la embe, iliyoandikwa "Wema hauozi", aliniuliza kwanza kama niliilowesha. Sikuwa nimeilowesha. "Ilowanishe, uisugue," alisema, "halafu uniambie. Ikiwa ni pamba mwambie tajiri achukue korija tatu, na doti moja uniwekee."